Yaya wa mtandaoni anadhaminiwa na nani?

Ndugu msikilizaji, likizo ya uzazi kwa mama aliyeajiriwa hapa Tanzania ni siku 84, yaani wiki 12. Siku hizo zikitajwa kwa mdomo huonekana nyingi. Lakini mama aliye nyumbani na kichanga huziona zinavyoyeyuka, na ikifika siku ya 70 swali moja humkosesha usingizi: nitamwachia nani mtoto huyu?

Mwaka 2021 swali hilo lilikuwa langu. Kazi ya redio hunitoa nyumbani saa kumi alfajiri, wakati hata kituo cha kulelea watoto hakijafunguliwa. Mama yangu mdogo aliyeko Singida, ambaye kwa miaka mingi ndiye aliyekuwa akitutafutia wasichana wa kazi, alinieleza mapema kwamba safari hii amekwama. Wasichana wa kijijini kwake wengi wako shuleni, na walio nje ya shule wanaona afadhali kusuka nywele au kuuza duka mjini kuliko kulea watoto wa watu.

Basi nikafanya kama wafanyavyo wenzangu wengi wa mjini. Nikachukua simu. Haikuchukua nusu saa kupata tangazo: wadada wa kazi wapo, waaminifu, wacha Mungu, wanajua kulea watoto wadogo, mteja ni ada na nauli tu. Chini yake palikuwa na picha za wasichana wanaotabasamu na maoni ya watu wanaoshukuru. Wakala alijibu kwa adabu. Nilimtumia ada ya shilingi 30,000 na nauli shilingi 45,000, na siku ya pili yake jioni nilikwenda stendi ya Magufuli pale Mbezi kumpokea msichana niliyeambiwa ana miaka 19.

"Shikamoo mama," aliniambia, akiwa ameshika mfuko mmoja wa nguo.

Siku mbili za kwanza nilimchunguza. Nilihesabu vijiko, nikaficha pochi, nikatazama anavyombeba mtoto. Siku ya tatu nilimkuta amekaa na mwanangu mkubwa, anamwelekeza hesabu za sehemu, tena vizuri kuliko mimi. Nikamwuliza ameishia darasa la ngapi.

"Kidato cha pili, mama."

"Lini?"

"Mwaka huu."

Nikamwuliza alizaliwa mwaka gani. Akanyamaza, kisha akasema, "Yule dada aliniambia nikiulizwa niseme 2002."

"Na wa kweli?"

"2006."

Alikuwa na miaka 15. Nilipoomba namba ya mama yake na kumpigia, swali la kwanza la mama yule lilikuwa kama mwanawe ameshapewa cherehani. Aliambiwa binti anakuja Dar es Salaam kujifunza ushonaji. Nilimpigia wakala, namba haikupatikana. Wiki moja baadaye nililiona tangazo lilelile, maneno yaleyale, jina jingine.

Kwa siku mbili nilikuwa nimemlinda binti asiniibie. Sikuwa nimejiuliza hata mara moja kama yeye mwenyewe ameibwa. Na siku chache baadaye ningemwachia kichanga usiku wa manane, mtoto akimlea mtoto.

Nimeona nilieleze jambo hili kwa sababu najua wako wasikilizaji wengi ambao usiku huu wanapekua simu zao wakitafuta mlezi. Siwaambii waache. Nataka tuelewane simu inaweza kutupa nini na haiwezi kutupa nini.

Tuanze na njia ya zamani. Mama mdogo alipomleta msichana, alikuwa anawajua wazazi wake, anajua shamba lao liko wapi na anasali nao. Msichana akikosa, kesi ilirudi kwa mama mdogo. Mimi nikimnyima mshahara, kesi ilirudi kwake vilevile. Yeye ndiye alikuwa mdhamini wa pande zote mbili, na thamani yake ilikuwa katika jambo moja: alikuwa mtu anayepatikana. Sisemi njia ile ilikuwa safi. Wapo wasichana wengi walioletwa mjini kwa jina la undugu wakafanya kazi miaka mitano bila mshahara. Lakini palikuwa na mlango wa kubisha hodi mambo yakiharibika.

Mtandao unaunganisha watu wasiojuana kwa haraka sana, na hiyo ndiyo faida yake. Lakini katika haraka hiyo mdhamini ndiye anayeachwa nyuma. Unabaki na picha, namba ya simu na maneno ya sifa, vitu vitatu ambavyo mtu yeyote anaweza kuvitengeneza kwa jioni moja.

Wenzetu wa nchi zilizoendelea wamelipitia hili kabla yetu. Huko Marekani ipo kampuni iitwayo Care.com, iliyoanzishwa mwaka 2006, ambayo hukutanisha wazazi na walezi kupitia mtandao. Ilikua hadi ikawa kubwa kuliko zote za aina yake nchini humo. Mwezi Machi 2019 gazeti la Wall Street Journal lilichapisha uchunguzi ulioonyesha kwamba miongoni mwa walezi waliotangazwa humo walikuwamo watu wenye rekodi za polisi, na kwamba mamia ya vituo vya watoto vilivyoandikwa kuwa na leseni havikuonekana katika orodha za leseni za majimbo. Kampuni ililazimika kuondoa makumi ya maelfu ya matangazo ya vituo. Wazazi walidhani wameingia katika ofisi yenye mlinzi mlangoni. Kumbe walikuwa wameingia sokoni, na sokoni kila mteja hujichagulia nyanya zake.

Hata walezi wenyewe hawakusalimika. Mwaka 2024 kampuni hiyohiyo ilikubali kulipa dola milioni 8.5 ili kumaliza madai ya tume ya serikali ya Marekani inayosimamia haki katika biashara. Tume ilidai kwamba kampuni ilitia chumvi idadi ya kazi zilizopo na kipato ambacho walezi wangepata, na kwamba iliwawekea wateja vikwazo walipotaka kujitoa. Ukiona nchi yenye kumbukumbu za kompyuta kila mahali imefikishwa hapo, ujue kundi la simu lenye watu 800 na msimamizi asiyejulikana haliwezi kukuhakikishia lolote.

Labda msikilizaji utasema, basi nitadai hati ya polisi. Ni jambo jema. Jeshi letu la Polisi hutoa hati ya tabia njema baada ya kuchukua alama za vidole, na mlezi aliye nayo amejitahidi. Lakini tukumbuke hati hiyo inasema nini. Inasema juu ya yaliyofika kwenye mikono ya sheria. Haisemi kama mtu ana subira saa nane usiku mtoto anapolia kwa tumbo. Mwaka 2014 mjini Kampala, baba mmoja aliona alama katika mwili wa mtoto wake mdogo, akafunga kamera ya siri sebuleni. Kamera ilimwonyesha mfanyakazi wa ndani akimpiga na kumkanyaga mtoto. Mfanyakazi huyo alihukumiwa kifungo cha miaka minne mwezi Desemba mwaka huohuo. Wengi walioiona picha ile walikimbilia kununua kamera. Mimi somo nililolipata ni jingine: kamera ilionyesha mateso yakiwa yameshatendeka. Kilichomwokoa mtoto ni macho ya baba, aliyemtazama mwanawe akashuku.

Sasa tufanye nini? Kwa maoni yangu, kazi yetu ni kumrudisha yule mdhamini aliyeachwa nyuma. Nitaeleza nilivyojifunza.

Jambo la kwanza ni kujua unazungumza na nani. Usiishie kwa wakala. Wakala wa ajira anayefanya kazi kihalali anatakiwa awe amesajiliwa, kwa hiyo mwulize usajili wake na ofisi yake iko mtaa gani, kisha uende. Halafu zungumza na msichana mwenyewe kwa simu ya picha, na baada yake uzungumze na mzazi au mlezi wake. Mwulize mzazi swali jepesi: mwanao anakuja kufanya kazi gani? Kama ningeuliza swali hilo mapema, habari ya cherehani ningeisikia kabla ya nauli. Omba barua ya utambulisho ya serikali ya kijiji au mtaa, na usiridhike na picha ya barua. Mpate mtendaji au mwenyekiti mwenyewe, umwulize kama anamfahamu.

La pili ni umri. Namba ya Kitambulisho cha Taifa, ile tuliyozoea kuiita namba ya NIDA, ina tarakimu 20. Tarakimu nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa, ukianza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku. Kwa hiyo mtu akikuambia ana miaka 20 na namba yake ikaanza na 2010, hesabu haihitaji mtaalamu. Kadi yenyewe hutolewa kwa aliyefikisha miaka 18. Ukiambiwa kila siku kwamba kitambulisho bado kinashughulikiwa, simama hapo.

Jambo la umri halihusu karatasi tu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamhesabu kuwa mtoto kila aliye chini ya miaka 18. Inaruhusu kazi nyepesi kuanzia miaka 14, lakini inakataza kumfanyisha mtoto kazi usiku, kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi. Sasa niambie, msikilizaji, yaya anayelala na kichanga anafanya kazi saa ngapi? Mimi mwenyewe, kwa ile saa kumi ya alfajiri, ningekuwa nimevunja sheria kabla jua halijachomoza.

La tatu ni pesa. Unapotuma fedha kwa simu, kabla hujaingiza namba ya siri, jina la mpokeaji huonekana. Lisome. Kama wakala anajiita jina moja na laini imesajiliwa kwa jina jingine, mwulize sababu. Lililo bora zaidi ni kutotuma nauli kabisa: kata tiketi mwenyewe kwa kampuni ya basi, kwa jina la msafiri. Tapeli hapendi tiketi, maana tiketi hailiwi. Na ujumbe wa kitapeli unaweza kuupeleka kwenye namba 15040, ambayo Mamlaka ya Mawasiliano ilitenga kwa kazi hiyo, pamoja na kutoa taarifa polisi.

La nne ni waajiri wa zamani. Ukipewa namba ya mwajiri wa awali, usimwulize kama msichana ni mzuri, maana atajibu ndiyo, hasa kama ni binamu yake. Mwulize mambo madogo: mtoto aliyemlea alikuwa na umri gani, alikuwa anakula nini, msichana aliondoka mwezi gani na kwa sababu gani. Kisha mwulize msichana maswali hayohayo siku nyingine. Watu waliokaa nyumba moja hukumbuka mambo yanayofanana. Na mwajiri wa kweli aghalabu ana lawama moja mbili, kwamba alikuwa anachelewa kuamka, au anapenda simu. Anayesifu tu bila kasoro hata moja, mtilie shaka.

La tano ni wiki ya kwanza. Usimpokee msichana Jumapili ukamwachia mtoto Jumatatu. Anza kutafuta mapema ili upate walau siku saba za kukaa naye. Mwogeshe mtoto mbele yake, kisha mwache aogeshe yeye wewe ukitazama. Mwonyeshe namna ya kupima joto la uji, nini cha kufanya mtoto akipaliwa, na namba za kupiga kwa haraka, ya kwako na ya jirani. Mtambulishe kwa majirani, ili wawe na sababu ya kupita. Ukianza kazi, siku mojamoja rudi nyumbani kabla ya wakati. Ukitaka kufunga kamera, mwambie ipo, wala usiiweke anapolala au anapooga. Zaidi ya yote mtazame mtoto. Mtoto asiyesema husema kwa mwili: alama zisizo na maelezo, usingizi mzito usio wa kawaida, kushtuka anapokaribiwa na mtu fulani. Ukiona hayo, mpeleke hospitali na utoe taarifa. Namba 116 ya simu ya msaada kwa watoto hupigwa bila malipo.

La sita ndilo ambalo wengi wetu hatupendi kulisikia. Udhamini ni wa pande mbili. Sisi tunadai picha, kitambulisho, barua ya kijiji na namba ya mama mzazi. Je, mama mzazi yule ana nini chetu? Anajua tunakaa wapi? Anajua tunaitwa nani, na kwamba mume wangu au mdogo wangu wa kiume hatamsumbua mwanawe usiku? Binti anayepanda basi usiku kwenda kwa watu aliowaona katika simu anabahatisha zaidi kuliko sisi, maana sisi tuko kwetu.

Kwa hiyo mpe mzazi wake jina lako kamili, mtaa, na namba mbili za simu. Mtambulishe msichana kwa mjumbe wako au ofisi ya serikali ya mtaa. Mwache na simu yake, azungumze na kwao bila wewe kusimama mlangoni. Andikianeni mkataba, hata wa ukurasa mmoja: kazi zake, mshahara, siku ya kulipwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamhusu yeye kama inavyokuhusu wewe ofisini, pamoja na saa 24 za mapumziko kila wiki na likizo ya mwaka ya siku 28. Kima cha chini cha mshahara wa wafanyakazi wa majumbani hutangazwa na serikali na hubadilika kila baada ya muda, kwa hiyo uliza ofisi ya kazi au chama cha CHODAWU kabla hujataja bei. Na zile picha za kitambulisho chake usizitupe katika makundi ya simu mkikorofishana. Tangu Mei 2023 tunayo sheria ya kulinda taarifa binafsi za watu, na msichana wa kazi ni mtu.

Wengine watasema huu ni mlolongo mrefu kwa mtu wa kuosha nguo na kupika uji. Jibu langu ni kwamba tunapokodi gari kwa siku moja huwa tunasaini karatasi tatu. Mtoto je?

Namalizia kwa kueleza yaliyotokea baadaye, maana najua mtauliza. Binti yule nilimkatia tiketi mwenyewe, nikampandisha basi pale Mbezi, na mama yake akanipigia alipofika. Nililipa siku zake zote alizokaa kwangu, na niliomba kazini wiki mbili zaidi, bila mshahara. Mlezi nikampata kupitia simu vilevile, katika kundi la wazazi wa shule anayosoma mwanangu mkubwa. Ni mama wa makamo, mjane, anakaa mtaa wa pili. Lakini safari hii, kabla ya kuzungumzia fedha, nilikwenda nyumbani kwake nikakaa katika mkeka wake, nikamwona anavyosema na wajukuu zake. Kesho yake yeye naye alikuja kwangu. Alisema anataka kuona kwanza ni nyumba ya namna gani.

Wakati ule niliona kama ananipima. Ni kweli alikuwa ananipima, na alikuwa na haki.

Kwa leo naishia hapa. Tuonane wiki ijayo, Mungu akipenda.